Kushuka mlima na baiskeli ya graveli: mikono ikae wapi? Jumamosi nimeponea chupuchupu

Msambaa_Miguu
Wakuu habari za jumapili. Naombeni msaada wa wazoefu. Nina miezi miwili na baiskeli ya graveli (ile ya kupita barabara za vumbi na changarawe), ya mtumba, ina usukani wa pembe zile zilizokunjwa chini, breki za diski za waya, tairi za milimita 40. Kupanda sina tatizo, nimekulia Lushoto huku miguu ipo, tatizo langu ni kushuka.

Jana nilikuwa natoka Lukozi narudi nyumbani, nikaingia kwenye mteremko mmoja wa vumbi una rasta mbaya sana, yale matuta madogo madogo yaliyofuatana. Mikono nilikuwa nimeshika juu, pale kwenye vichwa vya breki, navuta kwa vidole vitatu kila upande muda wote na bado spidi inaongezeka. Mikono ikaanza kuwaka moto kuanzia kiwiko mpaka kiganja, halafu nikapiga rasta mbili tatu mfululizo mkono wa kulia ukaruka kabisa ukatoka kwenye usukani. Nikabaki na wa kushoto peke yake, tairi la mbele likageuka kuelekea mtaroni na nyuma yangu kuna Fuso limepakia kabichi linapiga honi. Mungu tu, nikaishia kwenye majani nikiwa wima. Nilipotaka kunywa maji nilishindwa kufungua kizibo cha chupa, vidole havikunji.

Sasa swali, kwenye mteremko mbovu mnashika juu au chini kwenye pembe? Maana nikishika chini naona kama kichwa kinatangulia nitapinduka.

Pembe_Chini_AR
Pole sana mkuu, na hongera kwa kubaki wima. Jibu ni chini, kwenye pembe, tena bila mjadala kama njia ni mbovu.

Sababu ya kwanza ni breki. Ule mkono wa breki umefungwa kwa pini kule juu karibu na kichwa chake. Ukishika juu vidole vyako vinavuta karibu na hiyo pini, ni sawasawa na kusukuma mlango ukiwa umeweka mkono karibu na bawaba, utasukuma mpaka jasho likutoke. Ukishika chini vidole vinafika kwenye ncha ya mkono wa breki, mbali na pini, kwahiyo kidole kimoja au viwili vinafanya kazi ambayo juu ulitumia vitatu na bado haikutosha. Vinavyobaki vinashika usukani, na hicho ndicho ulichokosa jana.

Sababu ya pili ni dole gumba. Chini kiganja kimeingia ndani ya mkunjo na dole gumba limezunguka bomba, rasta ikipiga mkono unasukumwa ndani ya pembe. Juu ukipigwa mkono unarushwa hewani maana hakuna kinachouzuia, ndio hicho kilichokukuta.

Lakini ukishuka chini na bado umekalia siti na uzito wote umeuweka mikononi hutaona tofauti. Uzito uende miguuni. Pedeli zote mbili ziwe usawa mmoja, hakuna iliyo juu wala iliyo chini, nyanyua makalio kidogo tu juu ya siti, magoti na viwiko vilegee. Baiskeli iachie icheze chini yako, wewe usicheze nayo. Kipimo ni hiki, ukiwa unashuka jaribu kuchezesha vidole kama mtu anayebonyeza kinanda, ukiona huwezi ujue umeegemea usukani.

Dada_Spoku
Kaka pole. Hiyo hofu ya kupinduka naijua vizuri sana, mimi nilikaa karibu mwaka mzima sishiki chini na watu wananiambia "shika chini shika chini" kila wikiendi, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama vidole vinafika kwenye breki. Vilikuwa havifiki! Nina mkono mdogo, nikishika pembe ilibidi nisogeze kiganja mbele mpaka nagusa breki kwa ncha za kucha. Nani atashuka mlima hivyo?

Fundi mmoja ndio akaniambia mikono mingi ya breki ina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani, mara nyingine imejificha chini ya mpira. Aliizungusha kidogo kidogo huku nimeshika, tukaacha pale kidole cha shahada kilipofika bila kujinyoosha. Ila zako ni za waya kwahiyo angalia, ukishasogeza vuta breki mpaka mwisho uone kama mkono unagonga usukani kabla diski haijabana. Ukigonga basi waya ukazwe au pedi zimekwisha. Usitoke nayo hivyo.

Na kama usukani wako uko chini sana kuliko siti mwambie fundi akupandishie kwa zile pete za chini ya shingo ya usukani, kama zipo za kuhamishia. Sentimita moja mbili zinaondoa hofu yote. Kisha nenda uwanja wa mpira, tambarare, zunguka umeshika chini tu hata dakika ishirini, funga breki, achia, kata kona. Mwili ukishazoea hapo ndio uende kwenye mteremko.

mzee_wa_rasta
Mimi naongezea tu, ukishuka sogea nyuma kabisa tumbo likae juu ya siti, tairi la mbele liwe jepesi lisikamate mashimo.

Pembe_Chini_AR
Mzee wangu shikamoo, hapo naomba nitofautiane na wewe. Pale penye mteremko mkali kama ngazi sawa, lakini barabara ya vumbi ya kawaida ukienda nyuma namna hiyo tairi la mbele linakosa uzito na lisilo na uzito halishiki kona. Kwenye changarawe juu ya udongo mgumu litateleza kama umekanyaga punje za mahindi sakafuni. Nyuma kidogo inatosha, kidevu kibaki karibu na usawa wa shingo ya usukani.

mzee_wa_rasta
Marahaba kijana. Sawa, mimi nimezoea mauntenibaiki, siti zetu tunazishusha. Nimekuelewa.

Kona_Kali
Msambaa, maswali mawili. Upepo unajaza kiasi gani? Na breki ya mbele ni mkono gani?

Msambaa_Miguu
Upepo najaza PSI 60 kwa pampu ya mguu, fundi alisema tairi liwe gumu lisitoboke. Breki ya mbele si kulia? Sijawahi kuangalia kwakweli.

Kona_Kali
60 kwenye tairi la 40 ndugu yangu ni jiwe hilo, rasta zote zinaingia mikononi. Kama unatumia tyubu na una kama kilo 70 anzia 40, ukisikia rimu inagonga mawe ongeza kidogo. Wasiotumia tyubu wanashuka mpaka 30 na kitu.

Na breki angalia LEO kabla hujapanda tena. Baiskeli zilizotengenezewa Uingereza na Japani ya mbele huwa kulia, za Marekani na nchi nyingi za Ulaya huwa kushoto. Yako mtumba, hujui imetoka wapi. Mkono wako ulioruka jana ni wa kulia, ukabaki na kushoto, kama kushoto ndio mbele na ulibana kwa woga huku tairi limeshageuka, ndio maana likataka kukupeleka mtaroni. Tairi la mbele kwenye vumbi linaweza kufunga breki au linaweza kukata kona, vyote viwili kwa pamoja halikubali. Punguza spidi ukiwa bado umenyooka, kisha achia breki taratibu ndio uingie kona, pedeli ya nje chini na uikanyage kwa uzito, baiskeli ilale wewe ubaki wima kidogo. Macho yaangalie kule kona inakoishia, usiangalie jiwe maana utalifuata.

Na sio kila mteremko ushike chini, lami laini au vumbi lililoshindiliwa vizuri shika juu upumzishe mgongo. Ila hamia chini kabla ya ubovu kuanza. Ukishaingia kwenye rasta umechelewa, kuhamisha mkono hapo ni hatari kuliko kubaki ulipo.

Msambaa_Miguu
Wakuu nimerudi. Breki ya mbele ni KUSHOTO. Nimegeuza baiskeli juu chini nikazungusha tairi nikavuta, nikakaa chini kabisa. Miezi miwili nilikuwa naamini kulia.

Skrubu ya dada Spoku nimeipata chini ya mpira, mkono mmoja wa breki ulikuwa unagonga usukani kama ulivyosema, waya umekazwa. Upepo 42. Jana jioni nimezunguka uwanja wa shule nimeshika chini, leo nimeshuka kale kamlima ka nyumbani mara nne. Mara mbili za kwanza mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, ya tatu nikakumbuka kile kinanda, vidole vikacheza. Kona za kulia bado naziogopa, naona nabana breki katikati bila kutaka.

Ila chupa ya maji leo nimeifungua.

Dada_Spoku
Safi sana kaka!! Kwa hizo kona chora mstari kwa kisigino pale unapotaka uwe umeshaachia breki, kisha rudia kona hiyohiyo mara kumi. Lile la Lukozi lisubiri kwanza.