Trela ya filamu yangu ya kiwanja: mbona wanaoisubiri ni vijana wa ngumi tu?

Mtoto wa Chumbageni:

Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza filamu yangu ya kwanza ndefu, dakika 94. Ni kisa cha mama mmoja muuza vitenge hapa Tanga. Kanunua kiwanja, kapewa karatasi zote na mihuri yake, siku anakwenda kuchimba msingi anamkuta mtu mwingine anamwaga zege. Hakuna ngumi wala bunduki. Kuna mama anazunguka ofisi hadi ofisi mpaka anaanza kumjua aliyemuuza.

Trela nimeikata mwenyewe, dakika 3 na sekunde 20. Inafunguka na droni juu ya bandari, inakuja soko la samaki, halafu ile milio mizito ya "bwaaam" kila picha inapobadilika. Naipenda, sitawadanganya. Shida ni maoni yanayokuja: "Inatoka lini, tunataka mapigano!" Wale niliowalenga, kina mama wa miaka 30 na kuendelea waliowahi kukimbizana na hati za ardhi, wanaipita tu. Dada yangu wa tumbo moja ameniuliza kama ni ya majambazi. Nibadili bango au trela?

Bi Mkasi:

Mdogo wangu, bango liache kwanza. Trela yako kazi imefanya, ila imewaalika watu wa harusi nyingine.

Mimi naediti video za harusi na send-off hapa Sinza, na siku za katikati ya wiki nakata trela za filamu za watu. Yako nimeicheza mara ya pili nikiwa nimefumba macho. Jaribu na wewe. Bila picha, hiyo ni filamu ya vita. Ule mlio wa "bwaaam" ulishika kasi baada ya trela za Inception mwaka 2010, kisha kila filamu yenye jengo la kuporomoka ikaukimbilia. Mtazamaji wa leo akiusikia, hata sura ya mtu hajaiona, anajua yanakuja mabomu. Kijana wa ngumi anakaa vizuri. Mama wa vitenge anapitisha kidole.

Sasa itafute trela ya Us, filamu ya kutisha ya Jordan Peele, ile iliyotoka Krismasi ya 2018, yumo Lupita Nyong'o. Ni mchana, familia iko ndani ya gari, redioni unapigwa "I Got 5 on It" wa Luniz, wimbo wa 1995, vijana wa Oakland. Mmarekani mweusi aliyekuwa kijana miaka ile ameshajua kwamba filamu inaongea naye. Watoto wanatania, baba anajitetea kuhusu maana ya mashairi, mama anamfundisha mwanawe kushika mdundo kwa kualisha vidole. Mtazame Lupita vidole: haviendi sawa na biti. Hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda kombo, na bado jua linawaka! Usiku ukiingia wimbo ni uleule, lakini umevutwa taratibu, noti zake zimekuwa za fidla, na kila noti inaangukia kwenye mkato wa picha. Mikasi. Nguo nyekundu. Watu wamesimama nje ya nyumba. Hawakwenda kununua muziki wa kutisha. Walichukua wimbo ambao mlengwa anaupenda wakamgeuzia yeye mwenyewe. Na ulivyopokewa, toleo lile la wimbo la kwenye trela likaingizwa mpaka ndani ya filamu.

Haya, wewe nawe: mama aliyewahi kununua kiwanja, sauti gani inamkaa kichwani? Mimi ningesema muhuri. Ule wa ofisi ya serikali ya mtaa, unagonga kidau cha wino, kisha karatasi. Nenda karekodi huo, kwa ukaribu, mezani, na feni ikizunguka. Huo ndio uwe biti yako. Mwanzo taratibu: muhuri, mama anatabasamu, muhuri, anahesabu noti, muhuri, anakunja karatasi na kuiweka kwenye mkoba. Halafu picha moja tu ya ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Hapa kwetu nani atahitaji kuelezwa? Kuanzia pale mihuri ikimbie, mikono inayogonga iwe mingine na mingine, hadi inakatika ghafla. Kimya. Beleshi linakwangua zege. Jina la filamu.

Droni itoe, inatangaza utalii. Na nani kakwambia upake ile buluu ya filamu za majasusi? Rudisha jua la Tanga, viwanja vinaibwa mchana kweupe. Urefu nao: wenye kumbi za sinema Marekani walitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba trela isizidi dakika 2, na mtazamaji wao ameshalipa, amekaa kitini, taa zimezimwa. Wewe unashindana na status za WhatsApp.

Kipanga wa Nakuru:

Bi Mkasi umenena, lakini hapo kwa muhuri tutateta kidogo. Mimi hupanda matatu kila asubuhi na karibu kila mtu hutazama video simu ikiwa imezimwa sauti. Huo muhuri utausikia wewe na fundi wako wa saundi.

Pia kwa mwenye swali: usione ni jambo dogo kuwaacha hao vijana wa ngumi wakingoja. Mwaka 2011 huko Michigan kuna mtazamaji alienda kortini kwa sababu ya trela ya Drive. Alisema ilimfanya atarajie mbio za magari kama za Fast and Furious, kufika ndani akapata filamu tofauti kabisa. Hapa kwetu hakuna atakayekushtaki, atakuja tu kwa maoni akutukane.

Mzee wa Kibanda Umiza:

Nyie watoto mnahangaika. Enzi zetu kwenye kibanda cha video spika ilikaa nje, sauti ya Lufufu akitafsiri filamu inasikika mpaka barabarani, mtu anaingia hajui hata jina la filamu. Angalieni na Waganda wa Wakaliga, trela yao ya Who Killed Captain Alex? ilizunguka dunia nzima, na nusu ya utamu ni yule VJ Emmie anavyopiga kelele juu ya picha. Weka msimuliaji mwenye sauti, kijana. Mengine mbwembwe.

Bi Mkasi:

Shikamoo mzee. VJ Emmie namheshimu, lakini yeye anamwita mtu aje acheke. Mama aliyedhulumiwa kiwanja ukimwekea mtu wa kupiga kelele, atajua unamcheka yeye. Hapana.

Kaka wa Nakuru, kweli, na ndiyo maana ya ule ukuta. HAIUZWI inasomeka simu ikiwa bubu. Basi kwa toleo la simu uanze nao kabisa. Tangu kama 2016, trela ya Jason Bourne na wenzake, wakubwa wanabandika trela ndogo ya sekunde chache mbele ya trela yenyewe kwa ajili ya mtu mwenye kidole chepesi. Mimi siipendi tabia hiyo, lakini picha moja ya kumsimamisha mtu inatosha. Maneno yote ya mama yaandikwe chini, makubwa, na toleo la wima ukate upya, usiibane tu ile ya mlalo ukapoteza nusu ya uso wake. Na hao wachache wanaowasha sauti, spika ya simu haitoi besi. "Bwaaam" yako inafika kama mtu anakohoa chumba cha pili. Muhuri ni mlio mkavu, wa juu, unapita.

Mtoto wa Chumbageni:

Nashukuru sana, dada. Muhuri nimeupata leo kwa mwenyekiti wetu wa mtaa. Kaniuliza mara mbili naurekodi wa nini, nikaona nisimsimulie kisa chote. Buluu nimeitoa, kweli mama anaonekana mtu sasa. Swali moja: soko la samaki lina sekunde 12, na mpiga picha wangu aliamka saa kumi alfajiri kwa ajili yake. Libaki?

Bi Mkasi:

Mama yumo kwenye hizo picha?

Mtoto wa Chumbageni:

Hayumo.

Bi Mkasi:

Mpigie mpiga picha wako umwombe radhi.