Urubani wa ndege za abiria: kozi ya mkupuo au hatua kwa hatua?

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa mambo ya anga.

Cheti cha afya daraja la kwanza nimeshapata. Nilianza nacho makusudi, maana kulipia masomo kabla macho na moyo havijapimwa ni kamari. Nilipokwama ni kwenye njia.

Ya kwanza ni kozi ya mkupuo: chuo kimoja, kutoka sifuri hadi leseni ya biashara (CPL), pamoja na kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege pale usipoona nje, na ndege za injini mbili. Kwa viwango vya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), kozi iliyoidhinishwa inatoa CPL kwa saa 150 za kuruka. Ya pili ni vipande vipande: leseni ya rubani binafsi (PPL) ya saa 40, kisha kukusanya hadi saa 200 za CPL, na 100 kati ya hizo uwe rubani kiongozi. Hii inakuachia nafasi ya kufanya kazi, ila ukikaa miezi bila kuruka, kutua kunaharibika: unainua pua mapema, ndege inadunda, na saa za kurudia unalipa wewe.

Nimesoma mikataba ya vyuo viwili. Vyote vinataka ada nzima mwanzoni, na hakuna kinachotaja itakuwaje ndege ikilala karakana.

Je, mashirika yanajali ulipita njia ipi, au yanaangalia saa na matokeo ya nadharia tu? Na kwenye mkataba, nidai kipengele gani ili nilipe kwa awamu kadiri ninavyoruka?