Mrejesho: pikapu iliyokuwa inachemsha Kitonga

Wakuu, niliuliza kuhusu pikapu yangu ya dizeli: kwenye tambarare mshale wa joto unatulia, ila nikipanda mlima Kitonga (Iringa) na mzigo au nikikwama kwenye foleni, inachemsha. Wengi mlisema ni gasketi ya silinda hedi imeungua, na fundi mmoja alitaka ang'oe thamostati (vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta) tu safari iendelee.

Aliyesema nianze na feni ndiye aliyepatia. Feni ya gari hili haitumii umeme. Inazungushwa na injini kupitia klachi yake (si ile ya gia) yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Rejeta ikipata moto, springi iliyo mbele ya klachi inafungua njia ya mafuta, feni inashika na kuvuma. Tulizima injini ikiwa bado ya moto, nikaisukuma feni kwa mkono: ikazunguka yenyewe kama pangaboi. Ikiwa nzima inakuwa nzito. Katikati mafuta yalikuwa yamevuja na kushika vumbi.

Fundi akapendekeza tuifunge kwa bolti izunguke muda wote. Nilikataa, inakula dizeli, inapiga kelele na kuitesa wotapampu (pampu ya maji). Nimeweka klachi ya mtumba inayokaza vizuri, tukaosha na mapezi ya rejeta yaliyojaa matope (kazi ambayo watu huidharau sana).

Juzi nimepanda Kitonga na mifuko ya mbolea, mshale haukuvuka nusu. Plastiki iliyoizingira feni ina ufa, hiyo bado sijaishughulikia.