Mdogo wangu anaitafuta NFL (ligi kuu ya mpira wa Kimarekani), anaogopa vipimo vya akili. Naombeni ushauri

MtotoWaKigoma: Wakuu habari zenu. Sisi ni wa Kongo, tumekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani, sasa hivi tuko Texas. Mdogo wangu anacheza ule mpira wao wa Kimarekani chuoni, yeye ni beki, mbio anazo na mwili anao, na mwezi wa tatu maskauti wanakuja chuoni kwao kumpima. Sasa wakala wake kamwambia ajiandae na vipimo vya akili, na toka asikie hivyo dogo hana raha kabisa. Kiingereza kaanza kukisoma akiwa mkubwa, akiongea huwezi kumtofautisha na wenyeji ila mpe karatasi uone, anaweka kidole chini ya mstari anasoma polepole, anarudia, lakini swali akishalielewa halimshindi. Kuna jamaa kajitokeza anasema majibu ya mtihani anayo, anataka dola 1,500 na nusu tutangulize. Tulipe? Na akipata alama mbovu ndo basi tena?

BabaNeema: Ndugu yangu usitoe hata senti. Mtihani wanaoutishia watu unaitwa Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12, na NFL wenyewe waliuondoa kwenye majaribio yao ya kupima wachezaji wapya kule Indianapolis toka 2022. Timu zinaweza kuwa na vipimo vyao ila kila timu na chake, sasa huyo anauza majibu ya nini? Kuna kingine cha kompyuta kinaitwa S2, pale vitu vinapita kwenye skrini unabonyeza, wanapima kasi ya macho na maamuzi, hakuna cha kukariri. Huyo ni tapeli, mblok leo leo.

RehemaMN: Kaka mwambie dogo atulie. Mchezaji Frank Gore iliandikwa alipata 6 kati ya 50 kwenye Wonderlic, kacheza misimu 16 na kakimbia yadi 16,000 kamili. Lamar Jackson walisema 13, leo ana tuzo mbili za mchezaji bora wa ligi (MVP). Na hicho cha S2, mwaka 2023 zilivuja habari kwamba C.J. Stroud kapata asilimia 18 tu, watu wakamsema wee, msimu huohuo akawa mchezaji bora chipukizi wa ushambuliaji. Kinachoniuma mimi ni hizo alama kuvuja wakati zinatakiwa ziwe siri. Morris Claiborne 2012 alitangazwa dunia nzima kapata 4 kwenye Wonderlic, kijana mwenye shida ya kusoma, huo ni ukatili.

Odhis_Nbi: Na hiyo Wonderlic ina history mbaya bana. Kampuni ya umeme kule North Carolina ilikuwa inaitumia kuamua nani apandishwe kazi, wafanyakazi weusi wakaenda kortini na 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi, ikasema mtihani lazima uhusiane na kazi yenyewe. Sasa kusoma haraka kunahusiana aje na kumkaba mtu?

MwalimuK: Hapo nakubali, ila msimdanganye dogo kwamba kichwa hakiangaliwi. Kwenye usaili kocha anachora mpango ubaoni, anaongea mambo mengine kama dakika 20 hivi, halafu anakwambia haya futa, nichoree tena na unieleze kila mtu anakwenda wapi. Hapo ndo beki anapimwa kweli. Tafuteni kocha akae naye na ubao kila jioni, amchoree, amzungushe, amuulize tena, na aeleze kwa sauti kwa Kiingereza mpaka azoee. Halafu aende ofisi ya chuo inayosaidia wanafunzi wenye shida ya kusoma wamuangalie, maana inaweza isiwe lugha tu, na kama wakikuta kitu wakala aombe mapema aongezewe muda kwenye mitihani ya maandishi.

MtotoWaKigoma: Mungu awabariki sana, jamaa nimeshamblok. Kocha wake wa sekondari kakubali kukaa naye kuanzia jumatatu na wakala nitampigia kesho. Swali la mwisho mwalimu, kwenye huo usaili akiulizwa kitu hajakielewa aombe warudie au ajaribu hivyo hivyo asionekane mzito?

MwalimuK: Aombe warudie, na asiombe kwa unyonge. Beki anayekisia maelekezo uwanjani ndo anayefungisha timu, makocha wanalijua hilo vizuri.

RehemaMN: Anacheza beki wa pembeni au wa nyuma kabisa? Mpwa wangu alikuwa wa nyuma, ana madaftari yake ya mbinu, nikipata anwani inbox nakutumia.

MtotoWaKigoma: Wa nyuma dada. Nakuja inbox sasa hivi.