Mrejesho: Ile riwaya ya kisu kinachopasua hewa nimeipata

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu riwaya niliyoisoma zamani ikiwa haina jalada, ya kijana anayevuka kutoka dunia moja kwenda nyingine kwa kisu. Aliyesema ni The Subtle Knife ya Philip Pullman, ya mwaka 1997, alipatia. Nimeitambua pale ncha ya kisu inapopapasa hewani mpaka inase, halafu dirisha linafunguka. Na vile vidole viwili anavyopoteza Will, yule kijana mwenyewe! Hivyo sikuvisahau, jina tu ndilo lilinitoka.

Kumbe ni kitabu cha pili kati ya vitatu, ndiyo maana mwisho wake uliniacha njia panda. Sasa nasoma cha kwanza, Northern Lights. Asanteni sana, ila cha tatu msinisimulie.