Mrejesho: droo ya jiko inayotunza joto la chakula imepona

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu jiko letu la umeme hapa Ohio: droo ya chini, ile ya kuweka chakula kisipoe, ilikuwa inawaka dakika chache kisha inazima na kuonyesha hitilafu ya sensa ya joto. Wengi mlisema ninunue sensa mpya. Mmoja akasema nipime kwanza, na namshukuru kwa dhati.

Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikaitoa droo yote, nikachomoa plagi ya sensa na kuipima kwa mita. Omu 1,085 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme)! Kwa joto la chumbani hiyo ni nzima kabisa. Aina hii husoma omu 1,000 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na hupanda kadiri joto linavyopanda. Nikairudisha plagi, nikapimia upande wa bodi ya umeme inayoongoza jiko huku natikisa waya. Namba zikaanza kuruka, kisha zikapotea.

Nyuma ya reli ya kushoto droo ilikuwa imeusaga waya, shaba imebaki nyuzi mbili, nyeusi.

Nimeunga kwa waya unaostahimili joto na kiunganishi cha kauri, nikaufunga mbali na reli. Jana pilau iliingia saa kumi na moja, wageni wakafika saa moja usiku, bado ya moto.