Wajukuu wa Bibi Zuhura: gari ya Rehema

*JUMATATU*

*Rehema:* Shikamooni wakubwa. Jamani nimetoka tena pale kwa watu walioniuzia gari, kwa ile shida yake ya kutetemeka. Wameniweza.

*Shangazi Mwanaidi:* Marahaba mwanangu. Wamesemaje leo?

*Rehema:* Kaka wa mapokezi kaniambia "dada, hizi gari ndivyo zilivyo, utazoea." Nizoee! Gari ina kilomita elfu nne na kidogo, viti vya nyuma bado vina nailoni, mkopo wa benki ndiyo kwanza nimeanza kuulipa.

*Hamisi:* Si nilikwambia uchukue Toyota IST. Imetoka Japani imeshatumika na bado haijui njia ya gereji 😂😂

*Rehema:* Hamisi leo sina utani.

*Mama:* _Imesambazwa mara nyingi:_ DUA YA KUSOMA KABLA YA KUPANDA CHOMBO. Watumie watu kumi...

*Mama:* Rehema soma hiyo kwanza mwanangu.

*Rehema:* Asante mama 🙏🏾

*Mjomba Salim:* 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

*Neema:* Mjomba shikamoo. Niko kwenye kikao, tafadhali andika.

*Mjomba Salim:* Marahaba. Haya. Nauliza inatetemeka wakati gani? Ikiwa baridi au ikishapata moto? Mwendo gani? Ukikanyaga mafuta au ukiachia breki?

*Rehema:* Shikamoo mjomba. Asubuhi ikitoka Kinyerezi haina neno. Tukishaingia foleni ya Tabata, ile ya sogea kidogo simama kidogo, ndipo inaanza. Nikiachia breki ijisogeze yenyewe inatikisika mpaka chupa ya maji inacheza kwenye kishikio. Ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili inashtuka kama imegongwa kwa nyuma. Ikivuka 40 inatulia kabisa.

*Mjomba Salim:* Marahaba. Hiyo oto yako, yaani gia zinazojibadili zenyewe, ni ya klachi mbili, kavu, haziogi mafuta. Siyo oto tulizozoea, zile nguvu inapita kwenye mafuta. Ndani mna gia kama za gari ya mkono, ila klachi inakanyagwa na kompyuta badala ya mguu wako. Kwenye foleni klachi inakaa nusu nusu, haijashika haijaachia, inapata moto. Ikizidi moto, au sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, ikivuja mafuta yakaifikia, inatetemeka.

*Rehema:* Kwa hiyo ni kweli ndivyo zilivyo?

*Mjomba Salim:* Kusitasita kidogo kwenye foleni ni tabia yake, hapo hawajadanganya. Chupa kucheza kwa kilomita elfu nne huo ni ugonjwa. Nani aliiendesha walipoijaribu?

*Rehema:* Fundi wao, peke yake. Kaizungusha palepale uani na barabara ya mbele, karudi anasema "hatujaona tatizo." Saa tano asubuhi, barabara nyeupe.

*Mjomba Salim:* Tuma jobu kadi, ile karatasi wanayoandika lalamiko na kazi waliyofanya.

*Rehema:* 📷 Picha

*Mjomba Salim:* "Lalamiko la mteja: ukaguzi wa jumla. Matokeo: gari limeendeshwa, liko sawa. Limeoshwa." Neno kutetemeka hulioni popote.

*Rehema:* Nilimuuliza. Akasema mfumo wao ndio unaandika hivyo.

*Mjomba Salim:* Mfumo unaandika anachobonyeza yeye. Siku ukimfikia mkubwa wao, faili litasema ulipeleka gari nzima wakaikagua wakaiosha. Kwao wewe hujawahi kulalamika.

*Shangazi Mwanaidi:* Kesho naenda mwenyewe. Nitakaa pale mapokezi na khanga yangu kiunoni mpaka waifungue hiyo giaboksi mbele yangu.

*Hamisi:* Naomba nitangulie nikapate kiti cha mbele 🍿

*Neema:* Shangazi subiri kwanza. Yule kijana wa mapokezi hana uwezo wa kukubali chochote, kazi yake ni kupokea funguo. Ukimfokea utaondoka na soda ya bure na jibu lilelile.

*Mjomba Salim:* Neema kasema kweli. Niwaambie siri ya karakana, nimekaa huko mpaka nimestaafu. Kazi ya waranti wakala anaifanya, lakini pesa anaidai kiwandani. Kiwanda hakilipi maneno matupu. Kinataka lalamiko lililoandikwa, namba za hitilafu kutoka kwenye kompyuta ya gari, wakati mwingine na picha za kifaa kibovu. Fundi akishusha giaboksi halafu kiwanda kikakataa dai, hasara inabaki kwa wakala. Ndiyo maana hawapendi kuandika. Wanakusubiri uchoke, au waranti iishe.

*Rehema:* Kuna lingine sikuwaambia. Yule fundi aliniuliza nani anaendesha hii gari. Nikasema mimi. Akacheka, akasema "kina dada mnapenda kuchezea breki, ndiyo maana."

*Shangazi Mwanaidi:* Nani?? Jina lake nani huyo??

*Neema:* Shangazi majina tusiandike humu, wala jina la kampuni. Skrinishoti zinatembea.

*Faraja Perth:* Habari za huko, huku ni usiku nilikuwa nasoma tu. Hilo la "ni uendeshaji wako" limenigusa. Huku Australia Ford walisema hivyohivyo kwa wateja wa Fiesta, Focus na EcoSport, zile zenye oto ya klachi mbili waliyoiita PowerShift. Watu wanalalamika gari inatetemeka, wanajibiwa shida ni wanavyoendesha, na huku kampuni inajua giaboksi zina matatizo. Tume ya ushindani ya huku ikawapeleka mahakamani. Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho ikawapiga faini dola milioni 10 za Australia.

*Hamisi:* Milioni 10 kwa sababu ya giaboksi?

*Faraja Perth:* Hapana, ndiyo utamu wake. Faini ilikuwa ya namna walivyowashughulikia wateja waliolalamika. Kati ya Mei 2015 na Februari 2016 tu.

*Rehema:* Yangu siyo Ford lakini naona wamesoma kitabu kimoja.

*Neema:* Hapa kwetu nako siyo jangwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kiwe na ubora unaofaa kwa kazi yake. Na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, inapokea malalamiko ya walaji. Ila FCC au hakimu atakuuliza swali lilelile la mjomba: karatasi iko wapi?

*Mama:* Kwa hiyo Jumamosi kwenye arobaini ya Mzee Kombo gari litakuwepo au halitakuwepo?

*Rehema:* Mama nitakujibu 😩

*Mjomba Salim:* Sasa sikiliza Rehema. Usirudi pale saa tano. Nenda wakati wa foleni, gari ikiwa imeshapata moto, usizime. Mwambie fundi akae pembeni yako, wewe uendeshe mpaka itetemeke, halafu mbadilishane aendeshe yeye. Hamisi akae nyuma arekodi video, dashibodi ionekane: mwendo, kilomita, na hiyo chupa. Wewe simu usiishike.

*Hamisi:* Mimi tena? Nina kazi mjomba

*Mjomba Salim:* Kazi gani, ya kucheka watu kwenye grupu?

*Hamisi:* Nitakwenda 😅

*Mjomba Salim:* Na kwenye jobu kadi waandike maneno yako wewe. "Inatetemeka ikiwa ya moto, mwendo wa 5 mpaka 30, gia ya kwanza kwenda ya pili." Wakikataa, gari isiingie. Tarehe, kilomita, saini yao, na nakala yako.

*Neema:* Na jioni hiyohiyo umwandikie meneja wa huduma barua pepe, uambatanishe jobu kadi na video. Mistari mitano inatosha. Matusi hapana, historia ya maisha hapana.

*Shangazi Mwanaidi:* Na mimi je?

*Neema:* Shangazi wewe tunakuweka akiba.

*JUMATANO*

*Hamisi:* 🎥 Video (1:47)

*Hamisi:* Tazameni sura ya fundi kuanzia sekunde ya 50

*Shangazi Mwanaidi:* Hahahaaa kashika mpini wa juu!

*Rehema:* Tulifika Buguruni kakaa kimya, anaangalia nje. Nikamwambia kaka shika usukani. Kaendesha kidogo, ikashtuka, ikashtuka tena. Akasema "aah, hii siyo ya kawaida." Hamisi nyuma anauliza kwa sauti "umesemaje kaka?" Karudia!

*Mjomba Salim:* Safi. Wameipima kwa kompyuta?

*Rehema:* Ndiyo, mbele yangu. Kumbe ina namba za hitilafu za joto la klachi, zimejihifadhi humo zenyewe. Nikauliza mbona mwanzo hamkuziona. Fundi kamwangalia kijana wa mapokezi, kijana wa mapokezi kaangalia printa.

*Faraja Perth:* 😂😂😂

*Rehema:* Halafu akatoka msimamizi, akaniambia kwa kuwa alamu niliifungisha kwa fundi wa nje, siyo kwao, waranti inaweza kuwa imekufa.

*Mjomba Salim:* Alamu na klachi wapi na wapi? Ulimjibu nini?

*Rehema:* Nikamwambia sawa kaka, andika hapa kwenye kadi kwamba alamu ndiyo imeharibu klachi, weka na saini. Akasema "ngoja kwanza tusifike huko." Hakuitaja tena.

*Neema:* Nakupenda bure dada yangu

*Rehema:* Jobu kadi hii hapa 📷 Maneno yangu yote yamo. Barua pepe nimetuma.

*IJUMAA*

*Rehema:* Meneja amejibu! Klachi nzima inabadilishwa kwa waranti, na programu ya giaboksi itawekwa upya. Ila kifaa hakipo nchini, kinaagizwa. Gari ibaki kwao, na wananipa nyingine ya kutembelea.

*Mama:* Alhamdulillah. Mmeona ile dua?

*Hamisi:* Mama dua na video yangu, tugawane

*Mjomba Salim:* Hongera mwanangu. Kabla hujaiacha piga picha pande zote nne, ndani, kilomita, na kiwango cha mafuta. Na siku ya kuichukua usisaini mpaka uiendeshe kwenye foleni ikiwa ya moto. Sipendi nikiona mtu anasaini kwanza kwa kuwa wameshaiosha inang'aa.

*Rehema:* Sawa mjomba. Neema, gari ikikaa kwao wiki kadhaa waranti yangu si inaendelea kula siku?

*Neema:* Inakula, wasipokuandikia vinginevyo. Waombe wakuongezee siku zote ambazo gari itakuwa kwao, na klachi mpya ianze na waranti yake. Omba leo kwa kujibu hiyohiyo barua pepe, kabla hujakabidhi funguo. Ukishakabidhi huna tena cha kuwabana.

*Rehema:* Naandika sasa hivi.

*Shangazi Mwanaidi:* Wakikataa hilo la siku niambieni, khanga bado ninayo.

*Rehema:* 😂 Shangazi wewe ndiye rufaa yetu.

*IJUMAA JIONI*

*Mama:* Bado sijajibiwa. Jumamosi nani ananipitia?

*Rehema:* Mimi mama, na hiyo waliyoniazima. Saa mbili kamili uwe tayari.

*Mama:* Hiyo yenyewe haitetemeki?

*Rehema:* Nimeshaipitisha Tabata. Haitetemeki.